Kuisuka upya blogu: anza na herufi, rangi baadaye

Chukua simu ya bei ya chini, punguza mwanga wa skrini hadi nusu kama wafanyavyo watu wanaookoa chaji, simama pale kituo cha Kencom katikati ya Nairobi jua la saa saba, kisha fungua makala iliyo ndefu kuliko zote kwenye blogu yako. Isome mpaka mwisho. Mahali jicho linapokwama, mahali kidole kinapokosa kitufe, mahali maandishi yanaporuka kwa sababu picha imechelewa kufika, hapo ndipo kazi ya kuisuka upya inapoanzia.

Wengi huanzia upande wa pili. Wanaingia kwenye orodha ya mandhari (themes, yaani sura za blogu zilizotengenezwa tayari) za WordPress, wanapenda picha kubwa ya mlima iliyo kwenye mfano, wanaisakinisha usiku uleule. Kumbe mfano ule ulipambwa kwa picha za wapiga picha wa kulipwa na vichwa vya maneno matatu ya Kiingereza. Ukiweka picha zako na kichwa chenye neno kama "wanaoshughulikia", uzuri wote unavunjika. Mandhari ichaguliwe ikiwa ya mwisho, baada ya kujua maandishi yako yanataka nini.

Nakala kwanza

Kabla ya kugusa chochote, toa nakala ya blogu nzima na uihifadhi nje ya seva. WordPress ina amri ya kutoa makala zote kwenye faili moja ya XML, nayo huwadanganya wengi. Faili hiyo ina maandishi, maoni, tarehe na anwani za picha, lakini picha zenyewe hazimo. Picha zinakaa kwenye folda ya wp-content/uploads. Kwa hiyo nakala iliyokamilika ni vitu vitatu: ile XML, folda yote ya wp-content, na hifadhidata, yaani ghala la makala na mipangilio, iliyotolewa kupitia phpMyAdmin (chombo cha kusimamia hifadhidata kwenye seva) kama faili ya SQL. Fungua hiyo SQL kwa programu ya maandishi, nenda mwisho kabisa, uhakikishe haikuishia katikati ya sentensi. Mtandao ukikatika wakati wa kupakua, faili hubaki na jina lake zuri ilhali nusu yake haipo.

Kwenye Blogger, nakala ya mandhari na nakala ya makala ni mambo mawili tofauti. Ya kwanza iko kwenye ukurasa wa mandhari, ndani ya mshale ulio kando ya kitufe cha kubadilisha mwonekano. Ya pili iko kwenye mipangilio. Chukua zote mbili.

Kisha fungua mahali pa majaribio. Tawi la jina la tovuti yako (subdomain) kama jaribio.blogu-yako.co.ke linatosha, na kampuni nyingi za seva hukuruhusu kulifungua bila malipo ya ziada. Weka tiki kwenye kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisilipitie. Andika mahali utakapoona: tiki hii itolewe siku ya kuhamia, yaani siku sura mpya inapowekwa kwenye blogu yenyewe. Blogu iliyohamishwa ikiwa bado na tiki hiyo hupotea Google polepole, na mwenyewe hulaumu mandhari mpya kwa miezi.

Herufi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ningetumia nusu ya muda wote.

Ukubwa wa kawaida wa kivinjari ni pikseli 16. Kwa makala ya kusomwa kwenye simu, 18 ni nafuu kubwa kwa macho. Kwenye CSS, yaani msimbo wa mwonekano wa ukurasa, usiuandike kwa pikseli lakini. Andika 1.125rem, ambayo ni 18 kwa mtu asiyebadilisha chochote, na inakua yenyewe kwa mtu aliyeongeza ukubwa wa herufi kwenye simu yake. Mzazi aliyeweka herufi kubwa ili asome ujumbe wa watoto wake anastahili kusoma blogu yako kwa ukubwa huohuo. Nafasi kati ya mstari na mstari iwe 1.6. Vichwa vinataka kubanwa zaidi, 1.2, la sivyo kichwa cha mistari miwili kitaonekana kama vichwa viwili.

body {
font-size: 1.125rem;
line-height: 1.6;
text-align: left;
}

Huo mstari wa text-align una sababu yake. Ushauri wa mpangilio ulioenea mtandaoni uliandikwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ya maneno mafupi. Kiswahili kinaweka nafsi, wakati, mtendwa na kauli ndani ya kitenzi kimoja, na neno linatoka refu. Simu nyingi za Android za bei nafuu zina skrini ya upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya kivinjari. Toa pambizo ya 16 kila upande, unabaki na 328. Kwa herufi ya 18, ambayo kwa wastani inachukua kama pikseli 9, mstari mmoja unabeba herufi 36 hivi. Neno "wasioandikishwa" lina herufi 15. Limekula zaidi ya thuluthi ya mstari peke yake.

Sasa tuseme umeamua maandishi yanyooke pande zote mbili kama gazeti. Mstari una maneno manne, na neno linalofuata ni "wasioandikishwa". Haliingii, linashuka chini, na mwisho wa mstari pamebaki nafasi ya herufi 14, yaani pikseli 126. Kivinjari kinaigawa nafasi hiyo kwa mianya mitatu iliyopo, kila mmoja unapata 42 juu ya ile 4 au 5 ya kawaida. Mwanya umekua karibu mara kumi. Mstari unaofuata una maneno sita, umebanana. Ukiutazama ukurasa kwa mbali unaona mifereji myeupe ikishuka kati ya maneno, na jicho linaifuata mifereji hiyo badala ya kufuata sentensi. Pangilia kushoto, uache upande wa kulia uwe na mawimbi yake. Gazeti lina mhariri wa kurasa anayerekebisha kila safu kwa mkono, kivinjari hakina.

Wapo wanaojaribu kuponya tatizo hilo kwa kukiruhusu kivinjari kikate maneno kwa kistari. Angalia kwanza ukurasa wako umejitambulisha kwa lugha gani. Kama juu ya msimbo pameandikwa lang="en-US", kivinjari kitakata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na silabi zetu zinazoishia kwa irabu zitavunjwa popote. Iwe lang="sw". Kwenye WordPress sifa hiyo hufuata lugha ya tovuti iliyo kwenye mipangilio ya jumla. Faida yake inaenda mbali kuliko kistari: programu inayowasomea wasioona hujua itamke kwa sauti ya Kiswahili ikiwa inayo, na kivinjari hupata kidokezo sahihi cha lugha kinapoamua kama kimpe msomaji tafsiri.

Vichwa vya makala ndivyo vinavyoharibika hadharani. Mandhari nyingi huweka kichwa cha pikseli 48. Katika ule upana wa 328, herufi moja ikichukua 24, zinaingia herufi 13 tu. "Yanayotukabili" ina 14. "Wanaoshughulikia" ina 16. Neno linatokeza nje ya skrini, ukurasa wote unaanza kuteleza kulia na kushoto, na msomaji anapoteza mstari kila akisogeza kidole. Shusha kichwa cha simu hadi 28. Hapo neno la herufi 23 linaingia bila shida. Kwenye kompyuta kiongeze hadi 40 ukipenda. Ongeza overflow-wrap: break-word kwa dharura, na usiandike vichwa kwa herufi kubwa tupu, maana herufi kubwa ni pana zaidi na hesabu yote hiyo inaharibika.

Kwenye kompyuta tatizo ni la upande mwingine, mstari mrefu mno. Kati ya herufi 45 na 75 kwa mstari ndicho kipimo kilichozoeleka. Weka max-width: 60ch. Kipimo cha ch ni upana wa tarakimu sifuri, ambayo ni pana kidogo kuliko herufi ya wastani, kwa hiyo 60ch itakupa kama herufi 65 au 70. Ukiwa na mandhari mpya za WordPress zinazotumia faili ya theme.json, kipimo hicho kinaitwa contentSize. Pikseli 640 au 650 ni sawa.

Halafu ritifaa. Ng'ombe, ng'oa, kung'ara, ving'amuzi: hii ni sehemu ya herufi zetu, si pambo. Ukiijaribu fonti mpya, andika maneno hayo manne kabla ya kingine chochote. Fonti nyingine huiachia ritifaa nafasi pana hivi kwamba "kung'ara" linasomeka kama maneno mawili. Angalia pia makala za zamani zilizonakiliwa kutoka Word, ambamo mara nyingine ritifaa imegeuzwa kuwa alama ya kufungulia nukuu, na mkia wake unaelekea upande usio wake. Zaidi ya sura kuna utafutaji: ikiwa makala imehifadhiwa na alama iliyopinda na msomaji anaandika ile iliyonyooka ya simu yake, kisanduku chako cha kutafuta kinaweza kumjibu kwamba hakuna kitu. Zisahihishe zote ziwe alama moja iliyonyooka kwenye hifadhidata; WordPress yenyewe itaipinda vizuri wakati wa kuonyesha.

Kuhusu fonti ipi, jibu langu ni fupi: ile iliyo tayari ndani ya simu. Android ina Roboto, iPhone ina ya kwake, na mstari wa font-family: system-ui, sans-serif unazitumia bila kupakua hata kilobaiti moja. Ukitaka fonti yenye tabia yako, chukua familia moja, uzito mbili, faili za WOFF2 (aina ya faili za fonti iliyobanwa kwa ajili ya mtandao) zilizowekwa kwenye seva yako mwenyewe, na font-display: swap ili maandishi yaonekane mara moja huku fonti ikiwa njiani. Familia tatu zenye uzito minne kila moja ni faili 12, na hakuna msomaji atakayeona tofauti inayolingana na gharama hiyo.

Rangi

Weupe na weusi vifanye kazi kubwa, rangi moja ya ziada iende kwenye viungo na vitufe. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na watu wote, unataka uwiano wa utofauti kati ya rangi ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa yaliyo makubwa. Kijivu cha #999999 (huo ni msimbo wa rangi) juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wanakipenda kwa tarehe na maelezo ya picha, kina 2.85 tu. Kinapendeza ndani ya ofisi yenye pazia. Pale Kencom saa saba hakionekani kabisa. #767676 kinapita kwa shida, #595959 kinafika 7. Kwa maandishi ya makala weka #222222. Nyekundu kali ya #FF0000 juu ya nyeupe inaishia kwenye 4, kwa hiyo si ya sentensi. Kijani cha #006600 kina zaidi ya 7 na kinafaa sana kwa viungo. Usiviondolee viungo mstari wa chini ndani ya makala. Asiyetofautisha rangi vizuri hana njia nyingine ya kujua pa kubonyeza.

Kupunguza

Safu ya pembeni ilikuwa na maana enzi za kompyuta za mezani. Kwenye simu inashuka chini ya makala, chini ya maoni, mahali ambapo hakuna anayefika, lakini vilivyomo vinapakuliwa vyote. Kile kisanduku cha ukurasa wa Facebook kinavuta mamia ya kilobaiti za msimbo. Kihesabu wageni, hali ya hewa, kalenda ya WordPress, wingu la lebo: ondoa. Acha kisanduku cha kutafuta na sentensi mbili za wewe ni nani, uviweke mwisho wa ukurasa. Picha zinazozunguka juu ya ukurasa wa mwanzo nazo ziondoke. Picha ya kwanza huonekana, nyingine huzunguka bila mtu, na zote zimelipiwa kwa bando la msomaji.

Ukurasa wa mwanzo unataka orodha iliyo wazi. Kichwa, tarehe, mistari miwili ya utangulizi, basi. Makala kumi kwa ukurasa zinatosha. Tarehe iandikwe kwa mtindo wetu, siku kwanza. Alama za j/n/Y kwenye mipangilio ya WordPress zinatoa 12/3/2024, na hiyo ni afadhali kuliko jina la mwezi la Kiingereza kukaa katikati ya Kiswahili. Na zile kategoria 30 zilizojikusanya kwa miaka, nyingine zikiwa na makala moja moja, ziunganishe zibaki tano au sita. Kategoria za "Safari", "Usafiri" na "Matembezi" ni chumba kimoja chenye milango mitatu.

Menyu iwe maneno manne au matano yanayoonekana bila kubonyeza kitu. Kile kitufe cha mistari mitatu kina hatari ambayo haionekani kwenye simu mpya. Opera Mini ikiwa kwenye hali yake ya kuokoa data zaidi, ukurasa hutayarishwa kwenye seva za Opera, fonti za tovuti hazitumiki, na sehemu kubwa ya JavaScript haifanyi kazi. Menyu inayofunguka kwa JavaScript inaweza kukataa kufunguka, na alama zilizotengenezwa kwa fonti ya ikoni hugeuka visanduku vitupu. Sakinisha Opera Mini uijaribu mwenyewe, ni dakika mbili. Kila kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48 na nafasi ya 8 kati yake na jirani. Matatu ikiruka tuta la Rongai, kidole hakilengi vizuri.

Picha

Simu ya kawaida leo inapiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, megabaiti tatu hadi tano. Makala yenye picha nane kama hizo ni megabaiti 32 hivi. Mwenye bando la megabaiti 100 akisoma makala tatu amemaliza siku yake. Punguza kila picha iwe na upana wa 1200, uihifadhi kama WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi) yenye ubora wa 75, na mara nyingi itashuka hadi kilobaiti 100 au chini kidogo. Nane zote zinakuwa 800. Tovuti ya Squoosh inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari bila malipo. Upana wa 1200 unatosha kwa sababu hata skrini ya 360 yenye msongamano wa mara tatu inatumia pikseli halisi 1080.

WordPress inakubali WebP tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021, na tangu 5.3 hupunguza yenyewe picha iliyozidi 2560. Hilo la pili lisikulegeze. 2560 bado ni kubwa, na faili ya asili inabaki ikijaza seva. Kwenye Blogger, tazama anwani ya picha za makala za zamani: ndani yake mna kipande kama s1600. Kibadilishe kiwe s800 na Google itakuletea picha ileile ikiwa ndogo.

Kila picha iwe na width na height kwenye msimbo. Bila vipimo hivyo kivinjari hakijui kitenge nafasi gani, kwa hiyo kinapanga maandishi kwanza, kisha picha inapofika inayasukuma chini. Msomaji alikuwa kwenye aya ya tatu, sasa anatazama aya ya kwanza. Google huupima mruko huo kwa jina la CLS na hutaka usizidi 0.1. Upakiaji wa kuchelewesha picha, yaani picha kuja msomaji anapoikaribia, ni mzuri kwa zilizo chini, lakini ile ya juu kabisa iachwe ije haraka. Ukiichelewesha unaharibu kipimo kingine, LCP, ambacho kinataka kitu kikubwa zaidi kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Na kwa kuwa makala za hapa Nairobi husambaa zaidi kwenye vikundi vya WhatsApp, tayarisha picha ya utambulisho wa kiungo: 1200 kwa 630, chini ya kilobaiti 300, jambo muhimu likiwa katikati kwa sababu wakati mwingine hukatwa mraba. WhatsApp hukumbuka utambulisho wa zamani kwa muda. Ukitaka ile mpya ionekane, ongeza ?v=2 mwisho wa kiungo unapokituma.

Kubadilisha mandhari yenyewe

Sasa chagua. Usifanye mabadiliko ndani ya mandhari ya mtu. Sasisho la kwanza litayafuta. Tengeneza mandhari-mtoto: folda mpya yenye style.css, na juu yake mstari wa Template unaotaja folda ya mandhari-mzazi. Jina liandikwe lilivyo, herufi kwa herufi. Seva za Linux zinatofautisha herufi kubwa na ndogo, na kosa moja tu hapo litaifanya WordPress iseme mzazi hayupo.

Ukigusa functions.php, faili ya mandhari yenye msimbo wa PHP, hakikisha kwanza barua pepe ya msimamizi inafika. Nukta-mkato moja ikisahaulika, blogu nzima inaanguka, na tangu toleo la 5.2 WordPress hutuma kiungo cha uokoaji kwenye barua pepe hiyo. Kama haifiki, ingia kwa FTP (njia ya kufikia faili za seva moja kwa moja) ubadilishe jina la folda ya mandhari hiyo. WordPress itaiacha na kurudi kwenye mandhari yake ya kawaida ikiwa bado imo kwenye seva, nawe utapata nafasi ya kurekebisha.

Haya yafuatayo hupotea au huharibika karibu kila mara. CSS uliyoongeza kwenye sehemu ya kubinafsisha imefungwa kwa mandhari ya zamani, haiji na wewe, inakili kabla. Menyu zipo bado ila hazijapangiwa mahali. Visanduku vya pembeni vinaweza kuishia kwenye rundo la visivyotumika. Picha ndogo za orodha zinatoka zimevutika au zimekatwa vibaya, kwa sababu WordPress hutengeneza vipimo wakati wa kupakia picha, na mandhari mpya ina vipimo vyake. Zitengeneze upya kwa programu-jalizi (plugin) au kwa amri ya wp media regenerate, ukiangalia kwanza nafasi iliyobaki kwenye seva maana faili zitaongezeka. Na kama mandhari ya zamani ilikuja na misimbo yake mifupi ya mabano ya mraba (shortcodes), itabaki imeandikwa wazi ndani ya makala. Tafuta alama ya mabano ya mraba kwenye hifadhidata ujue ni makala ngapi, usafishe kabla ya kuhamia.

Anwani za makala usiziguse. Ukitoa mwaka na mwezi kwenye viungo kwa sababu tu vinaonekana virefu, kila kiungo kilichotumwa WhatsApp kwa miaka yote kitategemea uelekezaji uliouweka vizuri. Kama ni lazima, weka uelekezaji wa 301 (wa kudumu, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya) na ujaribu viungo 20 vya zamani kwa mkono. Vilevile, mtu anayetaka kuhamia jina la .me.ke, ambalo limetengewa watu binafsi, alifanye hilo mwezi mwingine. Wasomaji wakipungua baada ya kubadilisha sura na jina kwa pamoja, hutajua kilichowafukuza ni kipi.

Fomu ya maoni au ya kujiandikisha ikikusanya barua pepe, iwe na sentensi inayosema utazitumia kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka hivyo, na ni adabu kwa msomaji.

Siku ya kuhamia iwe Jumanne au Jumatano asubuhi, saa ambazo mtu wa seva anapokea simu. Pakia mandhari ikiwa faili moja ya zip. Ukipakia faili moja moja kwa FTP na stima ipotee katikati, unabaki na mandhari nusu. Washa, toa ile tiki ya injini za utafutaji, safisha kache (nakala za muda za kurasa) ya programu-jalizi, ya seva na ya kivinjari kwa mpangilio huo, kisha fungua makala tano: ya zamani kabisa, ndefu kabisa, yenye picha nyingi, yenye jedwali, na yenye maoni mengi. Jedwali ndilo litakalokusumbua. Lifunge ndani ya kisanduku chenye overflow-x: auto ili liteleze peke yake bila kuvuta ukurasa wote.

Mandhari ya zamani usiifute kwa wiki mbili. Katika muda huo pitia Search Console ya Google kila siku ya tatu, uone anwani zinazorudisha 404 (ukurasa haupatikani), uzielekeze moja moja. Rangi zako, ukubwa wa herufi, upana wa safu na vipimo vya picha viandike kwenye faili fupi ya maandishi pamoja na tarehe, uiweke ndani ya folda ya mandhari-mtoto.